Mama Limi

Agnesi alikuwa anakata masuke ya ulezi pale wageni walipotokea juu ya kilima, wamevaa vizibao vya reflekta, na mumewe Baltazari akiwa mbele yao anatembea kama baba wa bwana harusi. Upepo wa Julai ulikuwa mkali siku hiyo, ule upepo wa Ufipa unaopenya sweta mbili. Agnesi alijifunga kanga vizuri kichwani akaendelea na kazi. Alikuwa amesikia habari zao. Umeme mkubwa, ule wa nguzo za chuma, ulikuwa unatafutiwa njia kupita kijijini kwao, na kabla ya njia kukatwa serikali ilitaka watu wapite wakitafuta vitu vya kale: matanuru, mahali pa matambiko, makaburi, ili nguzo isije ikasimikwa juu ya kitu ambacho hakirudishiki.

Kiongozi wao alikuwa mwanamke, Mary, mwenye miaka thelathini na kitu, buti zimejaa vumbi hadi kwenye kamba. Alipoliona tanuru alisimama akasahau kusalimia. Lilikuwa ilungu, tanuru la udongo la wafua chuma wa Kifipa, refu kuliko mtu, limesimama katikati ya shamba tangu kabla babu wa Baltazari hajazaliwa. Watoto walikuwa wanajificha ndani yake, na mbuzi wakati wa mvua.

"Limebaki zima kabisa," Mary alisema, akimwambia msaidizi wake Elia. "Hata matundu ya mivukuto yapo."

"Ni la ukoo wetu," Baltazari alisema. "Wazee wangu ndio waliokuwa wanafua hapa."

Mary alimweleza kwa upole kwamba tanuru kama lile halina mwenyewe, ni mali ya taifa, na njia ya umeme huenda ikasogezwa kidogo lisiguswe. Baltazari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, ila uso wake ulipoa. Walilipima, wakalipiga picha pande zote. Kisha Elia alisogea kuelekea bondeni, akasimama mbele ya mawe yaliyopangwa mviringo, hayafiki hata magotini.

"Na haya?"

"Kaburi," Baltazari alisema.

"La zamani?"

"La juzijuzi tu. Ni la mwanangu, wa kike."

Agnesi alinyanyuka. Alidhani upepo umemletea maneno vibaya. Alikuwa amezaa mara moja tu maishani mwake, na mtoto huyo, Justina, alikuwa hai, kidato cha tatu, anakaa bweni Sumbawanga.

"Basi kesho saa tatu tutarudi na mtendaji wa kijiji kuhakiki," Mary alisema. "Mama wa mtoto naye awepo. Utaratibu unataka wazazi wote wawili."

"Mama yake yule pale," Baltazari alisema, akimwonyesha Agnesi kwa kidevu.

* * *

Jioni Agnesi alisonga ugali, akatenga, akanawisha mikono ya mumewe. Hakula. Alimwacha amege tonge la kwanza na la pili ndipo akasema.

"Baba Justina. Kaburi lile ulilichimba wewe mwenyewe."

"Nililichimba. Ndiyo maana najua lilipo."

"Ni la mtoto wa Masunga."

"Kwani nimekataa?"

Masunga alikuwa Msukuma, alifika Ufipa na mkewe Lydia na ng'ombe wao, akiomba mahali. Baltazari alimkatia upande wa bondeni wa shamba lake, chini ya tanuru, naye Masunga akaleta fahali na mtamba mbele ya kaka yake Baltazari, Fabiani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Ng'ombe wale waliuzwa mnadani Chala wakageuka mabati na saruji. Bati lililokuwa juu ya sahani ya ugali ule lilikuwa la fahali, la jikoni lilikuwa la mtamba. Mwaka juzi binti wa kwanza wa Masunga alishikwa na homa. Walimkimbiza Chala kwa bodaboda, Lydia amempakata na Agnesi amemshika Lydia kwa nyuma, mtoto akafia njiani, kwenye mteremko, kabla hata hawajaliona bati la kituo cha afya. Agnesi ndiye aliyemwosha. Baltazari ndiye aliyechimba, kwa sababu Masunga alishika jembe akashindwa.

"Utasemaje mtoto wa watu ni wako?" Agnesi aliuliza.

"Sikusema namchukua. Nimesema amezikwa kwenye shamba langu, na amezikwa kwenye shamba langu." Baltazari alinawa. "Sikiliza. Kaka Fabiani amenieleza vizuri. Kaburi likiandikwa jina la Masunga, ndiyo basi. Watauliza, kama si pake alizikaje? Nguzo zikija, fidia ya upande ule wote inamfuata yeye. Mimi nabakiwa na tanuru, na tanuru umesikia, ni la taifa."

"Si alikupa ng'ombe?"

"Alinishukuru. Kumkaribisha mtu ndiyo kumuuzia?"

"Mimi siwezi kusema hivyo."

"Hakuna kazi ngumu. Utaulizwa, ni mwanao? Utajibu ndiyo. Jina lake? Kristiana. Umemaliza, unarudi kwenye ulezi wako." Hakuwa amepandisha sauti. Alichukua kijiti akaanza kuchokonoa meno. "Ukisema lingine, mimi ni mwongo mbele ya mtendaji na mbele ya kaka yangu. Mwanamke aliyeniita mwongo hadharani hawezi kulala humu ndani. Utashuka Kirando ukaanike dagaa na dada zako."

Agnesi alikuwa mtu wa Kirando, wa ziwani. Alipandishwa huku kama bibi harusi, na miaka ya mwanzo mawifi walikuwa wakimpita wameziba pua, wanamwita wa dagaa, wakiulizana kama watu wa ziwani wanajua kushika jembe. Lydia alipofika na yeye, wakamzibia pua kwa harufu ya ng'ombe, Agnesi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpelekea moto na chumvi. Sasa wazazi wake Kirando walishakufa, na nyumba ya dada zake ilikuwa vyumba viwili vya watu kumi. Alikusanya vyombo. Mumewe alijua amekubali.

* * *

Asubuhi Lydia alikuja na kidumu cha maziwa kama kawaida yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mama Limi. Mmeamkaje?"

"Salama tu, baridi." Lydia alikaa kwenye kigoda pasipo kukaribishwa, akanyoosha miguu. "Nimeona watu jana wamesimama kwenye kaburi la mtoto, roho ikanishtuka. Nikamkimbilia mwenyekiti. Kaniambia hakuna neno, wanahakiki tu, niende leo saa nane mchana. Baba Limi yuko bondeni Rukwa na ng'ombe, simu haimshiki. Nitasimama mwenyewe."

Agnesi alimimina maziwa kwenye sufuria.

"Wakitaka shahidi nitakutaja wewe, dada. Wewe ulimwosha. Mimi sina ndugu hapa."

Ilikuwa saa mbili kasoro. Neno lenyewe lilikuwa fupi: si saa nane, ni saa tatu, nenda sasa hivi. Agnesi alilisikia mdomoni mwake, likiwa tayari. Nje Baltazari alikuwa anapiga mswaki, anatema mate karibu na mlango.

"Leo maziwa ni mengi," Agnesi alisema.

"Yule wa madoa kazaa," Lydia alisema, akacheka, akachukua kidumu chake na ndoo aliyoiacha mlangoni, akaondoka kwenda kisimani.

* * *

Walisimama kuzunguka mawe: Mary na Elia, mtendaji wa kijiji Theodory na muhuri wake kwenye mfuko wa koti, Fabiani, Baltazari, na majirani watatu ambao Fabiani aliwaleta. Wote walimjua aliyelala pale. Wote walikaa kwenye msiba ule.

"Mama, samahani kwa kukukumbusha machungu," Mary alisema. "Hili ni kaburi la nani?"

"La mwanangu," Agnesi alisema.

"Anaitwa nani marehemu?"

Jina la Kristiana alilikariri usiku kucha. Alilitafuta. Alichokiona badala yake ni ule mgongo mdogo aliousugua kwa maji ya vuguvugu, akiwa anamsemesha mtoto kama vile anasikia, geuka mama, geuka kidogo, Limi.

"Limi," alisema.

Mtendaji alikohoa. Mmoja wa majirani aliangalia viatu vyake. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita Lydia Mama Limi, hata muuza duka, hata katekista. Mary alikuwa ameanza kuandika, mkono ukasimama.

"Limi," alirudia. "Ni jina la Kifipa?"

"La nyumbani tu," Fabiani alidakia. "La ubatizo ni Kristiana. Andika Kristiana."

Mary alimtazama Agnesi kwa muda, na Agnesi akaona kwamba yule mwanamke amejua. Akaomba kimoyomoyo aulize tena. Swali moja zaidi tu, angelia, angesema yote. Mary aliangalia jua, akamwangalia Elia aliyekuwa anasubiri na kifaa chake cha vipimo, akaandika.

Ndipo Lydia akatokea. Mtu alimwambia kisimani. Alikuja anakimbia na ndoo tupu, kanga imemwanguka mabegani, na alipofika hakuanza na salamu.

"Mwenyekiti, uliniambia saa nane."

"Ratiba imebadilika," Fabiani alisema.

"Basi nimefika. Mimi ndiye mama yake. Kaburi hili ni la mwanangu, Limi binti Masunga. Baba yake yuko kwenye malisho."

Mtendaji Theodory alijikuna shingo. "Dada, kaburi hili limeshahakikiwa. Lina wazazi."

"Wazazi gani?"

Lydia alizungusha macho, uso hadi uso, na kila uso aliofika uliinama, mpaka akafika kwa Agnesi. Akapata nafuu, akasogea akamshika mkono.

"Muulizeni Mama Justina. Yeye anajua yote, alikuwa na mimi kwenye pikipiki. Dada, waambie."

Mkono wa Lydia ulikuwa wa baridi, umelowa maji ya kisima. Baltazari alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya mkewe, akipumua puani. Agnesi aliyaangalia mawe.

"Nimeshasema," alisema.

Lydia hakuelewa mara moja. Alibaki ameushika ule mkono, anasubiri maneno yanayofuata, na yalipokosekana akauachia polepole kama mtu anayetua kitu kisivunjike.

"Watu wa kuhamahama hawa," Fabiani alimwambia Mary. "Leo wapo huku, kesho wako Katavi. Wanazika wapi, wanajua wenyewe."

"Dada yangu," Lydia alimwambia Mary, kwa sababu Mary ndiye alikuwa na kalamu, "niangalie mimi. Ninaweza kudanganya kaburi?"

Mary alifunga karatasi zake. "Mama, mimi kazi yangu hasa ni vitu vya kale. Kaburi hili bado halijafikia huko. Anayethibitisha ni serikali ya kijiji. Ukiwa na malalamiko, pitia kwa mtendaji."

Mtendaji alikuwa anaupuliza muhuri ukauke. Lydia aliokota ndoo yake. Wageni walirudi kwenye tanuru wakatumia saa nzima, wanalisafisha kwa brashi ndogo, taratibu, kama wanaomfuta mtoto vumbi usoni.

* * *

Masunga alipanda kutoka bondeni baada ya habari kumfikia. Hakuja na fimbo kama Baltazari alivyoogopa. Alikwenda kwa mtendaji, akaambiwa aonyeshe hati ya shamba. Akamtaja Fabiani kuwa shahidi wa ng'ombe wale, na Fabiani akasema anakumbuka ng'ombe lakini hakumbuki shamba. Akauliza juu ya kaburi la mtoto wake, akaambiwa hana kaburi pale. Wakati huo tetesi zilishaenea kwamba asiye na hati ataondolewa na mgambo na ng'ombe wake watapigwa faini, na Masunga alishawahi kuondolewa na mgambo kule alikotoka. Kabla ya mvua aliuza mahindi yake kwa bei ya kutupa, akafungasha.

Siku ya kuondoka, Lydia alipita mbele ya nyumba ya Agnesi, mtoto wa mwisho mgongoni na godoro kichwani. Tangu siku ile hakuwa ameleta maziwa, na Agnesi hakuwa na uso wa kumfuata. Lakini alipomwona anapita hivihivi, alitoka hadi barabarani.

"Mama Limi," aliita.

Lydia alisimama. Aligeuka mwili mzima kwa sababu ya lile godoro.

"Mama Limi ni wewe," alisema. "Mimi niite Lydia."

Akaendelea na safari. Ng'ombe walikuwa mbele, vumbi lao jekundu likamfunika kabla hajafika kwenye kona.

* * *

Agnesi hakupata usingizi mzuri baada ya hapo. Siku ya kumtembelea Justina shuleni alibeba karanga na sabuni, akamwona mwanawe, kisha badala ya kurudi stendi akaulizia ofisi ya wale watu wa njia ya umeme. Ilikuwa chumba cha kupanga juu ya duka la vipuri. Mary alishaondoka. Elia alikuwepo, peke yake, anafunga maboksi kwa gundi ya karatasi.

"Shikamoo, mama. Wewe si wa kule kwenye tanuru?"

"Marahaba. Ndiyo mimi."

"Basi nina habari njema. Tanuru limewaokoa. Njia imesogezwa, itapita nyuma ya kilima. Kwenu hakuna nguzo hata moja."

Agnesi alikaa kwenye boksi. "Na fidia?"

"Ya nini tena, mama? Hakuna kinachoguswa. Si tanuru, si shamba, si kaburi."

Kwa hiyo ilikuwa bure. Alijaribu kucheka, ikatoka sauti nyingine, Elia akaacha kufunga boksi.

"Mwanangu, nimekuja kubadilisha jina," Agnesi alisema. "Lile kaburi si la mwanangu. Mama yake anaitwa Lydia. Nilidanganya."

Elia aliangalia mlango, kisha akaongea chini kidogo. "Dada Mary alijua. Yeye mwenyewe kwao Mwanza. Alivyosikia Limi tu, jina la Kisukuma, aliniambia kwenye gari."

"Sasa kwa nini aliandika?"

"Mama, sisi tulitumwa kutafuta mambo ya kale. Tungeingia ugomvi wa ardhi kila kijiji tusingefika mwisho wa njia. Na wewe mwenyewe ulisema." Alisema hivyo bila ubaya. "Faili limeshapelekwa. Lakini halina madhara sasa. Hakuna mtu atakayelifungua."

Alimpa chupa ya maji kwa ajili ya safari. Agnesi aliinywa yote palepale ngazini, akaona aibu kwamba alikuwa na kiu.

Aliporudi alimweleza mumewe kwamba hakuna nguzo wala fidia. Kwamba alikwenda kukiri hakumweleza. Baltazari aliangalia miguu yake, kisha akasema, "Haidhuru. Shamba angalau limerudi."

* * *

Mvua za kwanza ziliponyesha, Baltazari alikodi plau ya Basil, kijana wa Chala mwenye maksai wazuri, ili wafungue upande wa bondeni uliokuwa wa Masunga. Ardhi ilikuwa imenona kwa samadi ya miaka mitano. Agnesi alifuata nyuma akidondosha mbegu. Mtaro ulikuwa umekaribia mawe pale Baltazari alipomwita Basil asimame.

"Ngoja tuyatoe haya, yatavunja jembe," alisema, akainama, akang'oa jiwe la kwanza akalitupa upande. Liliacha shimo jeusi lenye minyoo.

Agnesi aliweka chini kibuyu cha mbegu. Alipita kati ya maksai na mumewe, akakaa kwenye udongo, ndani ya mviringo wa mawe, miguu ameikunja kama mtu aliye msibani.

"Ondoka hapo," Baltazari alisema, akiwa ameshang'oa jiwe la pili.

"Hapa pana mwanangu."

"Agnesi."

"Ulisema wewe, mbele ya mtendaji. Kaka yako akasema, na majirani wakakubali. Mwambie na Basil." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia chumvi. "Au mwambie si wetu. Mwambie ni wa nani, na mwenyewe yuko wapi."

Majirani walikuwa wanapanda ng'ambo ya mfereji, na mmoja alishajiegemeza kwenye jembe lake kusikiliza. Jembe la Basil lilikuwa ndani ya udongo, maksai wanapumua, mvua nyingine inakuja kutoka upande wa ziwa. Baltazari, aliyekuwa na maneno mengi mbele ya serikali, alisimama na jiwe lake la pili mkononi, hajui aliweke wapi. Mwishowe alilirudisha palepale alipolitoa. Alikwenda akaliokota na lile la kwanza.

"Zunguka," alimwambia Basil, bila kumtazama mtu.

Basil alikuwa ameshavua kofia. "Ungeniambia mapema, mzee. Kaburi hatulimi." Alisogea karibu, akachuchumaa mbele ya Agnesi, akampa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto ameshika kiwiko cha kulia. "Sikujua kama mlifiwa. Pole sana, mama."

Agnesi aliuangalia ule mkono. Pole ile haikuwa yake. Mwenyewe, Lydia, alikuwa mahali fulani huko chini, hajulikani bonde gani, na hakuna mtu pale ambaye angemfikishia. Baltazari alikuwa anasubiri. Majirani walikuwa wanasubiri. Aliupokea.

"Asante," alisema. "Nimeshapoa."